Herufi d niliyoigeuza b

Nataka niiandike hii kitu nikiwa bado naikumbuka vizuri, maana nikikaa na vijana wanaochukua kazi za kutafsiri naona wanapita njia ileile niliyopita mimi, na mimi ile njia ilinifikisha pabaya. Tena sio mimi niliyeumia, ni mtoto wa watu.

Mimi nimesomea ualimu, Kiswahili na Kiingereza. Kemia niliachana nayo kidato cha pili. Nikiwa nasubiri ajira nikawa naokoteza vikazi vya kutafsiri, na moja ya kazi zilizokuja ilikua ya mradi mmoja wa maji huku kwetu Arumeru, kijitabu cha Kiingereza kama kurasa thelathini hivi cha kuelekeza watu jinsi ya kutumia filta ya ndoo, ile yenye mkaa wa mifupa ndani. Nilifurahi sana kuipata. Hela ilikua ya kueleweka alafu ni kazi ya nyumbani kwetu, yani naandika kitu bibi yangu mwenyewe atakisoma.

Kwa ambaye sio wa huku nieleze kidogo. Mlima Meru ni volkano, na maji yetu mengi yanapita kwenye mawe yake, yakifika kwenye chemchemi na visima yameshabeba madini yanayoitwa floraidi. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja, huku kuna maeneo inapita hapo mara kadhaa. Mtoto akinywa maji hayo tangu mdogo meno yake ya ukubwani yanaota na madoa ya kahawia, na ikiwa ni nyingi mno kwa miaka mingi mifupa nayo inaharibika, kuna watu miguu imepinda kabisa. Kuchemsha hakusaidii, tena ndo unazidisha, maana maji yanapaa na mvuke ile floraidi inabaki palepale kwenye sufuria. Magadi tunayopikia makande nayo yanaweza kuja na floraidi yake. Sisi tukifika chuo mikoa mingine mtu anakuangalia ukicheka tu anakuambia wewe wa Arusha, na wengi wetu tumejifunza kucheka mdomo umefungwa.

Kwaiyo filta ya mifupa kwetu ni kitu kikubwa. Mifupa ya ng'ombe inachomwa kwenye tanuru lisiloingiza hewa nyingi, inakua mkaa, inapondwa chengachenga, inachekechwa, inaoshwa, inawekwa kwenye ndoo, unamimina maji juu unakinga chini. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kimefanya kazi ya kuondoa floraidi kwa miaka mingi. Sio kitu cha kubahatisha, inafanya kazi.

Sasa nikaanza kutafsiri. Ukurasa wa nne nikakutana na neno "adsorb". Nikasema hapa wamekosea, walitaka kuandika "absorb", b na d zinafanana, ukigeuza moja unapata nyingine, hata watoto wa darasa la kwanza wanazichanganya. Nikaendelea nikakutana nalo tena, mara "adsorption", mara "adsorbent". Kompyuta haikuweka hata mstari mwekundu chini ya hayo maneno, na hiyo peke yake ilitakiwa inishtue, lakini mimi nilishaamua. Nikaenda kwenye ile sehemu ya kutafuta na kubadilisha, nikaandika d iwe b, nikabonyeza badilisha zote. Zilikua sehemu kumi na tisa, na kote nikaweka kufyonza. Nakumbuka nilijiona mtu makini, nimemsahihishia mzungu Kiingereza chake.

Alafu nikafanya kosa la pili ambalo nadhani ndo kubwa kuliko la kwanza. Nilitaka mama wa kijijini aelewe bila shida, nikaongeza sentensi yangu mwenyewe ambayo kwenye kijitabu cha Kiingereza haikuwepo. Niliandika hivi: chenga za mifupa hufyonza floraidi kama dodoki linavyofyonza maji. Nilivyoisoma niliipenda. Imekaa vizuri mdomoni, dodoki kila nyumba ipo, na aliyepitia kazi yangu naye akaisifia. Ikachapwa.

Miezi kama saba ikapita. Siku hiyo nilikua nimeenda pale wanapochomea mifupa kufuatilia mambo yangu mengine, akaja mama mmoja mtu mzima na ndoo yake kichwani na mjukuu mgongoni, mtoto wa miaka miwili hivi. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akamwambia fundi wa tanuru kwamba amekuja kupima maji tu kwa sababu anataka kuwa na uhakika, yeye filta yake anaitunza kuliko wote kwenye kikundi. Wakapima maji ya bombani kwake aliyoyabeba kwenye chupa na maji yaliyotoka kwenye filta. Zilikua karibu sawa, tofauti yake ni nukta tu, na zote zimepita 1.5 kwa mbali.

Fundi akamuuliza, mama hizi chenga umebadilisha lini mara ya mwisho. Akasema sijabadilisha, za nini nibadilishe wakati nazitunza. Kila baada ya wiki mbili nazitoa zote, naziweka kwenye kitenge kikuukuu, nazikamua vizuri, nazisuuza, alafu natandaza kwenye turubai juani siku mbili mpaka zikauke kabisa, ndo narudisha. Fundi akamuuliza nani kakufundisha hivyo. Mama akaingiza mkono kwenye mfuko wa kanga akatoa kijitabu, kimekunjwa mara nne, kimechakaa kwenye mikunjo, akafungua ukurasa wa nne na kuweka kidole kwenye ile sentensi yangu.

Ndugu zangu, sijawahi kusikia baridi tumboni kama siku ile.

Maana ukiangalia vizuri yule mama hakukosea hata kidogo. Dodoki likishafyonza maji likajaa unafanyaje? Unalikamua, unalianika, kesho unalitumia tena. Mwisho wa kijitabu kulikua na jedwali la muda wa kubadilisha chenga, lakini chenga mpya ni hela, na mtu mwenye akili ameambiwa kitu ni kama dodoki atakwenda kununua dodoki jipya kila likilowa? Alichofanya ni kufuata nilichoandika mpaka mwisho wake, na ndani ya ile miezi saba, chenga zilipojaa, nyumba nzima walikua wanakunywa maji ambayo hayajachujwa chochote wakiamini yamechujwa.

Nilisema palepale kwamba ile sentensi niliandika mimi. Fundi hakunigombeza. Ni mzee mtaratibu, aliniambia mwalimu njoo huku nyuma nikuonyeshe kitu, na mama naye akaja na mjukuu wake, tukakaa kwenye magunia.

Akachukua glasi mbili za maji, kila moja akadondoshea wino wa bluu mpaka maji yakawa na rangi. Kwenye glasi ya kwanza akatumbukiza kipande cha dodoki. Dodoki likanywa maji na wino pamoja, maji kwenye glasi yakapungua lakini rangi ikabaki ileile. Akalitoa akalikamua juu ya glasi, maji yakarudi na rangi yake. Kwenye glasi ya pili akamwaga chenga laini za mifupa, akakoroga kwa muda, akachuja kwa kitambaa. Maji yakatoka karibu meupe. Akaniambia sasa chukua hizo chenga kamua unavyotaka. Nikaziweka kwenye kitambaa nikakamua kwa nguvu zangu zote. Yalitoka maji kidogo yaliyokua katikati ya chenga, hayana rangi. Wino ulikua umebaki kwenye chenga haubanduki.

Akasema, umeona? Dodoki linameza, linachukua kitu mpaka ndani ya mwili wake. Hizi chenga hazimezi, zinakamata kwa juu, kwenye ngozi yake. Ngozi ikijaa imejaa, hata uianike mwaka mzima. Akachukua chenga zilezile akaziweka kwenye maji mapya yenye wino, mara ya pili zikakamata kidogo, mara ya nne wino ukawa unapita kama hakuna kitu. Ukitaka zifanye kazi tena, akasema, kuna kuziosha kwa dawa kali ya kostiki, sio kazi ya kufanyia jikoni, la sivyo unaweka mpya.

Swali langu lilikua hilo hilo ambalo nadhani na wewe unajiuliza, kama ni ngozi tu ya juu mbona inakamata vingi hivyo. Akavunja chenga moja kwa kucha akanionyesha, ndani ina vitundu, na vitundu vina vitundu vingine ambavyo macho hayaoni. Baadae nimekuja kusoma kwamba gramu moja ya mkaa wa mifupa ikikunjuliwa ngozi yake yote pamoja na kuta za ndani ya vile vitundu inafika kama mita za mraba 100. Yani gramu 70, ambazo zinaenea kwenye ukufi wa mkono mmoja, ni karibu uwanja mzima wa mpira. Mkaa ule wa viwandani ulioamshwa kwa joto na mvuke unafika mita za mraba 1000 kwa gramu na zaidi. Kwaiyo unaposema juu usifikirie juu ya kigae, fikiria kuta zote za nyumba yenye vyumba visivyohesabika.

Na tanuru nalo lina siri yake. Mfupa usioiva unatoka kahawia, maji yake yananuka na hayanyweki. Ulioungua kupita kiasi unakua mweupe wa majivu, vitundu vimeshafungana, haukamati vizuri. Unaotakiwa ni mweusi. Yule mzee hana digrii lakini anashika chenga kiganjani anaipuliza na kukuambia hii ilikaa motoni sana, mimi niliyekua na digrii yangu nilikua sijui hata tofauti ya maneno mawili.

Nilirudi nyumbani nikakaa na kamusi. Yale maneno yana shina moja la Kilatini lenye maana ya kunywa au kufyonza. "Absorb" imeanza na kiambishi cha kutoka, kitu kimefyonzwa kutoka pale kilipokua kikaingia mwilini mwa kingine. "Adsorb" imeanza na kiambishi cha kuelekea, kitu kimevutwa mpaka kwenye mwenzake kikaishia hapo mlangoni. "Absorb" ni neno la siku nyingi, lakini "adsorption" lilianza kutumiwa mwaka 1881 na mwanafizikia Mjerumani Heinrich Kayser, alipokua anachunguza gesi zinavyojishika kwenye vitu vigumu. Na hapa ndo paliponigusa, maana jambo lenyewe watu walishaliona zaidi ya miaka 100 kabla ya hapo, mkemia Scheele kule Sweden alishaona mwaka 1773 kwamba mkaa unakamata gesi, na viwanda vya sukari Ulaya vilishatumia mkaa wa mifupa kuing'arisha sukari guru. Kitu kilikuwepo, jina ndo halikuwepo, na ilibidi mtu akae achonge neno jipya kwa kubadilisha herufi moja tu kwa sababu aliona lile la zamani linadanganya. Alafu mimi kwa kubonyeza mara moja nikamfutia. Mwaka 1909 mwanasayansi mwingine, McBain, akaleta neno la tatu, "sorption", la kutumia pale ambapo yote mawili yanatokea kwa pamoja au huwezi kuyatenganisha. Yani wenyewe walishaona mtego upo wakatafuta pa kupitia.

Nilijiambia ni herufi moja tu, nani angejua. Lakini mbona sisi tuna baba na dada? Zimepishana kwa b na d vilevile. Mtu akikuandikia barua kwamba baba yako amejifungua salama utasema ni herufi tu?

Kwa Kiswahili tabu ni kwamba vyote tunasema kufyonza, au kunyonya, wengine wanasema kusharabu, na hayo yote yana picha ya kuingia ndani. Kitambaa kinasharabu maji, udongo unasharabu mvua, ile poda iliyo ndani ya pampasi inafyonza mpaka inavimba inakua kama uji mzito. Hapo neno liko sawasawa. Lakini vile vipakiti vilivyoandikwa usile kwenye boksi la viatu vipya, vile havinywi, vinakamata mvuke kwenye kuta za vitundu vyake, ndo maana punje hazivimbi hata kama zimeshajaa. Niliandika orodha, kunata, kushika, kung'ang'ania, kugandisha, kila neno nikilijaribu linakataa upande mmoja. Kunata kidogo lifae lakini watu wakisikia kunata wanafikiria gundi, wanadhani chenga zitagandia mkononi.

Nikamrudia yule mama. Nilienda kwake kumwomba radhi rasmi, nikamkuta anachambua mboga uani, nikakaa kwenye kigoda nikamweleza yote, kwamba Kiingereza kilikua na neno lingine na mimi nililigeuza. Alininyamazia muda. Alafu akasema, kwaiyo mwanangu sio dodoki, ni ulimbo.

Nilibaki namwangalia. Kama hujakulia shamba, ulimbo ni utomvu ule mzito tuliokua tunapaka kwenye kijiti kutegea ndege. Ndege akitua anang'ang'ana, hajaingia ndani ya kijiti, kanasa juu yake. Akaendelea mwenyewe bila mimi kumuuliza, ulimbo ukishajaa manyoya na vumbi haukamati tena, na hakuna mtu anakamua ulimbo akauanika, unachuma mwingine. Yani neno nililolitafuta wiki mbili kwenye kamusi alilitoa huku anachambua mnavu.

Tukakubaliana kunasa. Kufyonza ni kwa dodoki, kunasa ni kwa ulimbo. Niliandika upya ukurasa wa nne na zile sehemu zote kumi na tisa, na sentensi ya mfano ikawa ya kwake: chenga hunasa floraidi kama ulimbo unavyonasa ndege, zikijaa haziwezi kukamuliwa wala kuanikwa, weka mpya. Wahusika walikubali kuchapa tena. Alafu nikazunguka na fundi kwenye vikundi vyote vilivyopewa kijitabu cha kwanza, nikisimama mbele ya watu nasema aliyeandika ni mimi na nilikosea hapa. Tulikuta nyumba nyingine nne zilizokua zinakamua na kuanika. Moja walikua wanazichemsha kabisa.

Kwenye hiyo mizunguko nimegundua shida ya neno haikua kwangu tu. Watu wengi mjini wananunua filta yenye mkaa wa kawaida ulioamshwa, wameambiwa mkaa unafyonza uchafu wote, wanapumzika. Ule mkaa ni mzuri sana kwa harufu, kwa rangi, kwa dawa nyingi za mashambani, lakini floraidi hauishiki kwa kiasi cha kukusaidia. Ukiwa na picha ya kufyonza kichwani utaamini unameza chochote, maana dodoki halichagui. Ukiwa na picha ya kunasa utauliza swali lenyewe, unanasa nini, na nini kinauponyoka. Hospitali nako ni hivyohivyo, mtu aliyemeza dawa nyingi anaweza kupewa mkaa maalum anywe, unanasa sumu tumboni kabla haijaingia kwenye damu, na inatakiwa iwe mapema, ndani ya saa moja hivi ndo inafaa zaidi. Lakini kwa pombe, madini ya chuma au mafuta ya taa hausaidii, na mkaa wa jikoni sio huo. Mtu akimeza sumu mkimbizeni hospitali, msisage mkaa nyumbani.

Siku hizi nikipewa kazi ya kitaalamu neno nisilolijua siligusi, naliwekea alama nalipeleka kwa mtu anayeshika hicho kitu kwa mikono yake. Kama ni mashine naenda gereji, kama ni dawa naenda kwa mfamasia. Inachelewesha kazi na wateja wengine wamenikimbia.

Yule mama tunasalimiana mpaka leo. Chenga zake anabadilisha kwa wakati, ana kalenda ameitundika ukutani pembeni ya ndoo na tarehe amezizungushia kalamu nyekundu, na maji yake tukipima yako vizuri chini ya 1.5. Mjukuu ametimiza miaka mitano. Meno ya ukubwani, yale ya mbele, yanatengenezwa kwenye ufizi mtoto akiwa bado mdogo sana, na miaka miwili iko katikati kabisa ya ule muda ambao floraidi inayaharibu zaidi. Ile miezi saba iliangukia hapo. Kwa sasa akicheka yanaonekana meno yake ya utoto, madogo, meupe. Haya mengine yataanza kuota mwakani.